Ikinyesha anua, isiponyesha ziache: jinsi ya kuandika masharti kwenye Python ukiwa ndo unaanza

Haya jamani, vijana wengi hapa Pemba wananiuliza wanaanzaje kujifunza kuandika programu, na wakishaanza wengi wanafika kwenye masharti, yani ile sehemu ambayo kompyuta inatakiwa iamue yenyewe ifanye hiki au kile, basi hapo ndo wanakwama, wanaona hesabu kubwa hii, wanaachia njiani. Mie naona si hesabu. Ni lugha tu, na lugha yenyewe tunayo tangu wadogo. Msimu wa karafuu mama akitoka, karafuu zimeanikwa uwanjani, anakuachia maneno gani? "Mvua ikinyesha anua, isiponyesha ziache zikauke." Hapo kashakupa programu kamili, ina swali lake, ina kazi ya kufanya jibu likiwa ndio na kazi ya kufanya jibu likiwa siyo.

Angalia vizuri hilo neno "ikinyesha". Iyo -ki- ndo `if` ya kompyuta, na "isiponyesha", ile -sipo-, ndo `else`. Kwa iyo kila utakapokwama, kabla hujagusa kibodi, chukua karatasi uandike sharti lako kwa Kiswahili kwa -ki- na -sipo-. Likiwa halisomeki kwa Kiswahili basi hata Python, ile lugha ya kuandikia programu tutakayoitumia hapa, haitokusaidia. Na kitu kimoja nakwambia mapema, usiandike kwa -nge-. "Ungeanua mapema zisingelowa" hayo ni majuto, kompyuta haina pa kuyatia, yenyewe inajua lililopo sasa hivi tu, ni kweli au si kweli.

Hatua ya 1: tayarisha simu au kompyuta

Kama una laptopu, shusha Python kwenye tovuti yao ya python.org, ni bure. Kama huna, usivunjike moyo, simu ya Android inatosha kabisa, kuna programu inaitwa Pydroid 3, ukishaipakua inafanya kazi bila ya intaneti, kwa iyo bando likiisha unaendelea tu. Nachagua Python kwa sababu maandishi yake ni machache na yanasomeka, ameitengeneza Guido van Rossum wa Uholanzi na ilitoka kwa watu mara ya kwanza mwaka 1991, mpaka leo ndo wanayoanzia watu wengi.

Wa simu sikilizeni hili, mana limewatoa machozi wengi. Simu inapenda kukuza herufi ya mwanzo wa mstari, wewe umeandika `if` yenyewe inakugeuzia `If`, umeandika `print` inakugeuzia `Print`. Python haitambui hivo, kwake herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi uzime iyo ya kukuza herufi. Na ukikopi kodi, yani maandishi ya programu, kutoka kwenye meseji, alama za kunukuu zinaweza kuja zile zilizopinda “ ” badala ya zilizonyooka " ", Python itazikataa, zifute uziandike upya kwa mkono.

Hatua ya 2: andika sharti la mwanzo

Andika hivi, usikopi, andika kwa vidole vyako:

```
mvua = input("Mvua inanyesha? ")

if mvua == "ndio":
    print("Anua karafuu!")
else:
    print("Ziache zikauke.")
```

Iendeshe, ikikuuliza jibu ndio, alafu iendeshe tena ujibu hapana. Umeona? Sasa tuitazame mstari kwa mstari.

Mstari wa mwanzo `input` inauliza, na jibu utakaloandika linatiwa kwenye jina `mvua`. Jina hilo ni kama kopo lenye kibandiko, ndani lina jibu lako. Alafu inakuja `if`, baada yake swali, na mwisho wa mstari nukta mbili. Izo nukta mbili ni lazima, maana yake ni "basi fanya haya yanayofuata", ukizisahau Python inasimama hapo hapo na kukwambia `expected ':'`.

Alama ya sawasawa moja na mbili. Hii nayo irudie mpaka ikukae. Moja `=` ni kutia kitu kwenye kopo. Mbili `==` ni kuuliza, je kilichomo kwenye kopo ni sawa na hiki? Ndani ya `if` unauliza, kwa iyo mbili. Ukitia moja Python itakugomea, na bora igome, mana kuna lugha nyengine kama C inaweza ikaipitisha kimya kimya na programu ikafanya mambo yake.

Na zile nafasi mwanzoni mwa mstari wa `print`, ile inayotoa maneno kwenye skrini. Kwenye Python si mapambo. Nafasi nne ndo zinazosema mstari huu umo ndani ya sharti. Ukisahau utapata `IndentationError`. Lakini kosa baya zaidi ni lile lisilotoa ujumbe wowote, tazama:

```
if mvua == "ndio":
    print("Anua karafuu!")
print("Funga mlango wa ghala.")
```

Mstari wa mwisho hauna nafasi, kwa iyo uko nje ya sharti, mlango utafungwa mvua inyeshe isinyeshe. Kama ulitaka mlango ufungwe wakati wa mvua tu basi usogeze ndani nafasi nne. Python haijui ulichokusudia, inajua ulipouweka tu.

Hatua ya 3: watu hawajibu namna moja

Mpe mdogo wako aijaribu programu yako. Ataandika "Ndio" kwa herufi kubwa. Mwengine "ndiyo". Mwengine "naam". Wote wamesema mvua inanyesha, na wote programu inawaambia waziache karafuu zikauke. Zimelowa hizo.

Hapo wanafunzi karibu wote wanafikiria kuandika hivi:

```
if mvua == "ndio" or "ndiyo":
    print("Anua karafuu!")
```

Ukiisoma kwa Kiswahili imenyooka, "ikiwa mvua ni ndio au ndiyo". Lakini iendeshe ujibu hapana. Inakwambia anua karafuu! Ujibu chochote, anua karafuu, na jua linawaka. Sababu yake ni kwamba `or` inagawa swali vipande viwili, cha mwanzo `mvua == "ndio"`, cha pili ni `"ndiyo"` peke yake, na kwa Python neno lolote lenye herufi ndani likisimama peke yake linahesabiwa ni kweli. Kwa iyo kipande cha pili ni kweli siku zote, na kwenye "au" kimoja kikiwa kweli yote kweli. Programu haitoi kosa lolote, inakudanganya tu kwa utulivu, mie mwenyewe hili lilinichukua jioni nzima mara ya kwanza.

Njia iliyo sawa ni hii:

```
mvua = input("Mvua inanyesha? ").strip().lower()

if mvua in ["ndio", "ndiyo", "naam"]:
    print("Anua karafuu!")
else:
    print("Ziache zikauke.")
```

`strip` inaondoa nafasi zilizozidi pembeni, `lower` inageuza herufi zote ndogo, na `in` inauliza kama jibu limo kwenye orodha. Ongeza maneno mengine unayoyajua, watu wa kwenu wanajibu vipi, tia.

Hatua ya 4: namba, na tofauti ya kufika na kuzidi

Tuseme kuna mwenye shamba kaahidi wachumaji wake, anaefikisha pishi 10 kwa siku anapata nyongeza. Unaandika:

```
pishi = input("Umechuma pishi ngapi? ")

if pishi >= 10:
    print("Una nyongeza.")
else:
    print("Leo huna nyongeza.")
```

Ukiiendesha inakataa: `TypeError: '>=' not supported between instances of 'str' and 'int'`. Usiogope huo mstari wa kiingereza, anachosema ni kuwa unalinganisha maneno na namba. Kila kinachotoka kwenye `input` ni maneno, hata ukiandika 12 kwake ni herufi ya moja na herufi ya mbili zimekaa pamoja, hajui kuwa ni kumi na mbili. Lazima umgeuzie:

```
pishi = float(input("Umechuma pishi ngapi? "))
```

`float` inakubali na nusu, 9.5 inapita. Kama unataka namba kamili tu tumia `int`.

Alama za kulinganisha ni `>` kuzidi, `<` kuwa chini ya, `>=` kufika au kupita, `<=` kutozidi, `==` kuwa sawa, `!=` kutokuwa sawa. Sasa rudi kwenye maneno ya mwenye shamba. Alisema "anaefikisha". Ukiandika `pishi > 10` umegeuza ahadi yake, umesema "anaezidi", na yule aliyechuma pishi 10 kamili, kashinda kutwa juu ya mkarafuu, programu yako imemnyima haki yake kwa alama moja tu. Ndo mana nasisitiza uandike kwanza kwa Kiswahili. Kufika, kupita, kuzidi, kutozidi, lugha yetu inazitenganisha vizuri kabisa, wewe tafuta tu alama inayolingana. Na ukimaliza jaribu namba tatu, 9, 10 na 11. Ile ya katikati ndo yenye maneno.

Jibu la kila ulinganisho ni moja kati ya mawili, `True` au `False`. Andika `print(5 > 3)` utaliona. Aina hii wanaiita bool, kutokana na jina la George Boole, mwanahisabati wa Uingereza aliyetoa kitabu mwaka 1854 akionesha kwamba kweli na uongo, na, au, siyo, vyote vinaweza kufanyiwa hesabu. Kompyuta hazikuwepo wakati huo.

Hatua ya 5: njia zikizidi mbili

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Kuna mzee mmoja jirani yetu alikatiwa tiketi ya boti imeandikwa 7:00, yeye akaisoma saa saba, akafika bandarini mchana kweupe na boti ishaondoka tangu asubuhi. Basi tutengeneze programu inayogeuza saa ya kompyuta kuwa saa yetu.

Karatasi kwanza. Simu inahesabu kuanzia 0 usiku wa manane mpaka 23. Sie tunahesabu kuanzia kunapopambazuka. Saa 7 ya simu ni saa moja yetu, tunatoa sita. Saa 13 ni saa saba, tunatoa sita. Lakini saa 2 ya simu ukitoa sita unapata namba hasi, na sie ni saa nane ya usiku, kwa iyo hapo tunajumlisha sita. Na saa 20 ya simu ni saa mbili usiku, tunatoa 18. Njia tatu basi, na ya katikati tunatumia `elif`, yani "au ikiwa":

```
saa = int(input("Simu inasema saa ngapi (0 mpaka 23)? "))

if saa <= 6:
    yetu = saa + 6
elif saa <= 18:
    yetu = saa - 6
else:
    yetu = saa - 18

print("Kwetu ni saa", yetu)
```

Jaribu 7, upate 1. Jaribu 0, upate 6. Jaribu 18, upate 12. Jaribu 19, upate 1.

Sasa siri ya `elif`. Python inasoma kuanzia juu, ikikuta sharti la kwanza lililo kweli inafanya kazi yake na kuruka yote yaliyobaki. Ndo mana kwenye `elif saa <= 18` sikuhitaji kuandika tena "na iwe zaidi ya 6", mana ingekuwa 6 au chini ingeshakamatwa na mlango wa juu. Lakini ndo mana pia mpangilio una uzito wake. Geuza, tia `saa <= 18` juu na `saa <= 6` chini, alafu jaribu saa 2. Utapata -4. Mlango mpana umewekwa mbele, kila mtu anaingia humo, mlango mwembamba wa nyuma haupati mtu. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni hii, lenye kubana zaidi liweke juu, lenye kupokea wengi liweke chini.

Na usibadilishe `elif` kuwa `if` ukadhani ni mamoja. `if` mpya ni swali jipya, linaulizwa hata kama la juu lilishajibiwa, na saa 2 itapita milango miwili na jibu la mwisho ndo litakalobaki, nalo si sahihi.

Hatua ya 6: na, au, siyo

Saa moja peke yake haitoshi, ni ya asubuhi au ya usiku? Python ina `and`, `or` na `not`. Mchana na jioni ni rahisi, kwa mfano jioni ni kuanzia 16 mpaka 18, unaandika `saa >= 16 and saa <= 18`, au kwa uzuri wa Python unaweza kuandika `16 <= saa <= 18` ikaelewa, lugha nyingi nyengine hili haziliwezi kwa maana hiyo, usilizoee sana ukaenda nalo huko.

Usiku ndo mtego. Usiku unaanza 19 na kuendelea mpaka 3. Mtu anaandika `saa >= 19 and saa <= 3`. Fikiria, kuna namba gani ambayo imefika 19 na wakati huo huo haizidi 3? Hakuna. Sharti hilo halitokuwa kweli hata siku moja. Usiku wetu umekatwa vipande viwili na hesabu ya simu, kipande kabla ya saa sita ya usiku na kipande baada yake, kwa iyo ni "au": `saa >= 19 or saa <= 3`. Tukisema kwa mdomo tunasema "kuanzia saa moja mpaka saa tisa" na akili inajaza yenyewe, kompyuta haijazi.

Ukichanganya `and` na `or` mstari mmoja tia mabano, mana Python inaanza na `and` kabla ya `or` na huenda sivyo ulivyokusudia.

Hatua ya 7: iunganishe yote na uilinde

```
jibu = input("Simu inasema saa ngapi (0 mpaka 23)? ").strip()

if not jibu.isdigit():
    print("Andika namba tu, mfano 7")
elif int(jibu) > 23:
    print("Saa za simu zinaishia 23")
else:
    saa = int(jibu)

    if saa <= 6:
        yetu = saa + 6
    elif saa <= 18:
        yetu = saa - 6
    else:
        yetu = saa - 18

    if saa >= 19 or saa <= 3:
        wakati = "usiku"
    elif saa <= 5:
        wakati = "alfajiri"
    elif saa <= 11:
        wakati = "asubuhi"
    elif saa <= 15:
        wakati = "mchana"
    else:
        wakati = "jioni"

    print("Kwetu ni saa", yetu, wakati)
```

Hapa kuna sharti ndani ya sharti, na nafasi zimekuwa nane badala ya nne kwenye mistari ya ndani kabisa. Inaruhusiwa, ila zikifika tatu nne kuingia ndani basi simama ufikirie upya, macho yanachoka na makosa yanajificha humo. `isdigit` inauliza kama jibu lote ni tarakimu, mtu akiandika "saba" au -1 anarudishwa kwa ustaarabu badala ya programu kuanguka. Ona pia kuwa nimeangalia kama ni tarakimu kabla ya kuigeuza kwa `int`, ukigeuza mwanzo na mtu kaandika "saba" programu inakufa kabla hata haijafika kwenye swali.

Ijaribu kwa namba za mipakani, 0, 3, 4, 5, 6, 11, 12, 15, 16, 18, 19, 23, alafu 24, alafu neno lolote, alafu bonyeza enta bila ya kuandika kitu. Za katikati kama 9 au 14 hazikufundishi kitu, makosa yote yamekaa kwenye mipaka. Ukipata jibu baya usikimbilie kubadilisha badilisha, chukua iyo namba ushuke nayo kwa kidole mstari mmoja mmoja ukijiuliza, hapa ni kweli au si kweli, mpaka uone mlango gani imeingia.

Kazi ya nyumbani

Andika programu inayouliza mwezi kwa namba 1 mpaka 12 na kutaja msimu. Tuchukue kwa makadirio, kaskazi Disemba mpaka Februari, masika Machi mpaka Mei, kusi Juni mpaka Septemba, vuli Oktoba na Novemba. Kaskazi ina mtego ule ule wa usiku, inaanza 12 na kurudi 1 na 2, usije ukaandika `and`. Ukimaliza waulize wavuvi au wazee wa kwenu kama miezi yenyewe wanaikubali hivo, wakikurekebisha badilisha namba tu, muundo utabaki ule ule. Alafu ijaribu kwa mwezi wa 0 na mwezi wa 13, ikikujibu "vuli" ujue kuna `else` imekaa pasipo mahali pake.